Betri ya Akiba na Mtani wa Shangazi

Shangazi yangu Mwanabaraka alipiga taipu katika shirika moja la umma kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo yote, kwa maneno yake mwenyewe, hakuwahi kuvitazama vidole vyake. Shirika lilipopunguza wafanyakazi alirudi nyumbani Tandika na vitu viwili: cheti cha shukrani na mto wa kiti chake. Cheti hakijulikani kiliko. Mto anaukalia mpaka leo.

Mwaka 1995 aligeuza chumba cha mbele kuwa ofisi ya uchapaji, akanunua kompyuta ya mtumba. Mimi nilikuwa likizo ya chuo, nikawa namsaidia kusoma miswada ya watu wenye mwandiko mbaya. Ulikuwa wakati wa mgao. Ratiba ilitangazwa redioni, ila umeme wenyewe haukuwa na redio. Ulikatika ulipotaka. Ndipo shangazi akaagiza betri ya akiba, kisanduku kizito cha rangi ya maziwa yaliyolala, na kazi ya kukifunga akapewa Nassibu.

Nassibu alikuwa fundi redio mwenye kibanda nyumba ya tatu kutoka kwetu. Ni Mnyamwezi wa Tabora, na sisi Wazaramo, kwa hiyo ni watani wetu. Watu wengine hutaniana msibani na harusini, basi. Hawa wawili walitaniana kutwa. Nassibu alikuwa kijana wa kumwamkia shangazi, lakini sikuwahi kuisikia shikamoo yake.

"Hodi hapa kwa mtumwa wangu," alisema asubuhi ile, kisanduku kikiwa begani.

"Pita, mpagazi. Babu yako alibeba pembe kutoka Tabora mpaka Bagamoyo hakulalamika, wewe nyumba tatu tu jasho linakutoka."

Alichomeka kisanduku ukutani, kisha akachomeka kompyuta na skrini yake nyuma ya kisanduku. Mwisho akatoa waya mwembamba wa kijivu, akauunga kutoka kwenye kisanduku hadi nyuma ya kompyuta.

"Huu hauleti umeme," alisema. "Huu unaleta habari. Umeme ukikatika, kisanduku kitalia, na kompyuta itakuandikia zimebaki dakika ngapi. Ukiona hivyo hifadhi kazi yako, uzime."

Akachomoa waya wa ukutani kutuonyesha. Kisanduku kikalia ti, ti, ti, na pembeni mwa skrini yakatokea maandishi ya Kiingereza: dakika kumi na nane.

"Na feni yako iache ukutani. Ukiichomeka hapa itakula betri yote, nikukute umelala chini kama Mzaramo aliyeuza shamba."

Shangazi alicheka mpaka akavua miwani. Kosa la Nassibu lilikuwa hapo, kuweka onyo na utani katika sentensi moja. Tena alikuwa na kosa la zamani zaidi. Alipoifunga kompyuta yenyewe mwezi uliopita, aliificha salamu ndani yake, kila ikiwashwa inaandika: AMKA MTUMWA WANGU. Tangu hapo shangazi aliamini kwamba lolote linalojiandika lenyewe kwenye ile skrini limetoka kwa Nassibu.

Fundi alipoondoka tu, shangazi alikivisha kisanduku kitambaa cha kufuma chenye maua alichokivua kwenye redio, kisha akachomeka feni nyuma yake. "Nimenunua umeme wa akiba," alisema, "halafu niungue na joto kwa maneno ya Mnyamwezi?"

Wiki iliyofuata alikuja Mwalimu Projestus, mkuu wa sekondari mpya ya binafsi kule Yombo, mtu aliyezungumza kama anayesoma ubaoni. Mitihani yake ilichapwa mjini siku zote. Sasa alitaka kujaribu hapa jirani: mitihani minne, kurasa kumi na moja.

"Nitaifuata kesho saa kumi jioni, Bi Mwanabaraka. Ikiwa tayari, kazi zote za shule zitakuja kwako. Isipokuwa tayari, nitarudi mjini, na sitakuja tena."

Kesho yake shangazi alianza kuchapa alfajiri. Hakuhifadhi hata ukurasa. Nilimkumbusha, akasema herufi ikishagongwa imegongwa, karatasi haihitaji kuombwa ikumbuke. Mtu hahifadhi chakula kabla hakijaiva.

Saa saba na nusu, akiwa ukurasa wa kumi na moja, umeme ulikatika. Feni iliendelea kuzunguka na shangazi akanitazama kwa ushindi. Kisanduku kikaanza kulia chini ya maua yake. Skrini ikaandika: dakika sita.

"Juzi kumi na nane, leo sita," alisema, vidole havijasimama. "Ameanza kunipunja huyu."

"Shangazi, labda ni kweli."

"Umefika chuo kikuu na utani huujui?"

Mimi si mtu wa kubishana. Nilitoka mbio hadi kibandani kwa Nassibu. Alikuja na bisibisi mkononi, akasimama mlangoni akihema.

"Mtumwa wangu, hifadhi kazi, betri inakata roho!"

"Mwenzako kaniandikia hivyohivyo," shangazi alisema. "Mmepangana."

"Wallahi si utani."

"Mnyamwezi akiapa, shika mfuko."

Kadiri alivyosisitiza, shangazi alizidi kufurahi. Kisanduku sasa kililia haraka haraka. Dakika mbili. Nassibu aliitazama skrini, akanitazama mimi, akavua kofia. Akaja mbele ya meza, akainama kidogo.

"Shikamoo, mama," alisema.

Vidole vya shangazi vilisimama. Nilikuwa sijawahi kuviona vikisimama katikati ya neno.

"Nani kafa?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hajafa mtu. Kazi ndiyo inataka kufa. Hifadhi, mama."

Akahifadhi. Diski ilinguruma, ikanyamaza. Nassibu alikuwa bado anapapasa chini ya kitambaa kutafuta waya wa feni, kisanduku kikatoa mlio mmoja mrefu na skrini ikawa nyeusi.

Umeme ulirudi saa tisa. Kurasa kumi zilikuwapo zote, na wa kumi na moja uliishia katikati ya swali la mwisho, kwenye neno alilokuwa akiandika alipoamkiwa. Akalimalizia. Mwalimu Projestus alipofika, printa ilikuwa inatema ukurasa wa mwisho. Aliusoma wote akiwa amesimama, akauliza kama tungeweza kuchapa na ripoti za wazazi.

Feni ilihamia ukutani, na kitambaa kikarudi kwenye redio. Nassibu naye aligundua kwamba ile programu ya betri inamruhusu mtu kuandika maneno yake mwenyewe, akakaa nayo mchana mzima. Sasa umeme ukikatika, kompyuta huandika: SHIKAMOO MAMA. ZIMEBAKI DAKIKA KUMI NA NANE.

"Marahaba, mpagazi," shangazi huijibu, na kuhifadhi.