Foleni ya Kura Nyumbani kwa Zainabu

Niliondoka Nkoaranga kwa sababu najua Kimakua. Nilikuwa nimefundisha shule ya msingi Masasi miaka mingi kabla ya kuhamishiwa nyumbani Meru, na ilipotangazwa kwamba wanatafutwa Watanzania wa kwenda kuangalia uchaguzi wa Msumbiji, wenye kujua lugha za kule, niliomba, nikachukuliwa. Msumbiji walikuwa wametoka vitani, ukame ukawakausha, kisha kimbunga kikawapitia watu wa pwani ya kaskazini. Nchi nyingi zilikuwa zimewapelekea askari wa kulinda amani, chakula, na masanduku ya kura.

Asubuhi ya kuondoka baba alinisindikiza kwenye kile kijia cha mteremko, migomba ikitudondoshea umande. Hakuipenda safari ile.

"Anaeli, mwanangu, wametoka kuuana jana. Leo watapanga foleni?"

"Ndiyo maana tunaitwa, baba."

"Haya. Mungu akutangulie. Usisimame mbele mbele."

Arusha tulikaa juma moja kwa mafunzo. Naukumbuka mji wa siku zile na kuutamani mpaka leo. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu nilipokuwa kijana yalikuwa yamefurika sabuni, redio, viatu vya mitumba vilivyong'arishwa kama vipya. Jirani yangu Mchaga aliyefungua duka la vitambaa alinipa kanga jozi, akakataa kabisa malipo. "Utawapelekea salamu zetu, Mwalimu," alisema. Darasani tuliambiwa jambo moja mara nyingi kuliko mengine: kazi yetu ni kuangalia na kuandika, si kuingilia.

Kutoka uwanja wa Kilimanjaro tuliruka hadi Dar es Salaam, kisha ndege ndogo ikatuvusha mpaka. Chini niliona minazi iliyolazwa yote upande mmoja. Gari la walinzi wa amani lilinifikisha kijijini jioni. Mkuu wao pale alikuwa kapteni kutoka Asia, mpole, mwenye tabia ya kufuta miwani yake kila anapofikiri. Aliniambia nisitoke nje ya njia yenye vigingi vyeupe. Ng'ambo yake mabomu ya ardhini yalikuwa hayajateguliwa.

Mwenyeji wangu aliitwa Zainabu. Kiswahili alikipatia Masasi, alikokimbilia vita. Nyumba yake ilikuwa ya fito, paa la turubai la msaada, na uwanja wake ndio uliochaguliwa kuwa kituo cha kura kwa kuwa shule ilikuwa imeng'olewa na upepo. Jioni ile alipakua ugali wa muhogo sahani tatu, ingawa tulikuwa wawili.

"Tunamngoja mtu, dada?" niliuliza.

"Mume wangu, Abdala. Wapiganaji wa msituni walimchukua awabebee mizigo, yeye na wenzake. Wenzake wawili walirudi. Hawajui aliko."

Tulikula, naye akaifunika ile sahani ya tatu.

Siku ya kura watu walifika kabla ya jua. Wanawake walivaa nguo walizohifadhi sijui wapi katika kimbunga kile, safi, zimepigwa pasi. Wazee walibebwa migongoni. Nilisimama kando nikiandika, machozi yakinilengalenga kwa furaha.

Saa nne hivi Zainabu, aliyekuwa karibu kufika mezani, aligeuka kusema na mtu nyuma yake, akanyamaza katikati ya neno. Alikuwa akimtazama mwanamume mmoja mrefu, mwenye kovu shingoni.

"Wewe," alisema kwa Kimakua. "Wewe ndiye uliyemshika mume wangu mkono."

Foleni ikapasuka. Vijana wawili walimkamata yule mtu. Wengine, wenzake wa zamani msituni, wakaja kumtetea. Nikaona askari wa kapteni wakiinua bunduki na kupiga hatua. Nilijua kwamba wakiingia pale na silaha, watu watakimbia, wengine watakimbilia nje ya vigingi, kwenye mabomu.

Niliangusha kalamu, nikasimama mbele ya kapteni. Mbele kabisa.

"Usiwalete," nilimwambia kwa Kiingereza. "Nakuomba. Naelewa wanachosema. Nipe nafasi."

Alivua miwani, akaifuta. Kisha akawaonyesha askari wake kwa kiganja washushe bunduki. Mimi nikajipenyeza mpaka kwa Zainabu, nikamshika bega.

"Dada, unataka wamfanye nini?"

"Nataka aseme."

Vijana walimwachia. Yule mtu, ambaye baadaye nilijua anaitwa Joakimu, alisema akiangalia chini. "Alikufa kwa homa. Kule kilimani, baada ya mto. Wengine waliondoka. Nilibaki nikamzika."

"Alikufa lini?"

"Mvua zilikuwa zinaanza. Mwaka ule ule."

Zainabu alifumba macho. Kisha akarekebisha mtandio wake.

"Ukishapiga kura usiondoke," alimwambia. "Utanipeleka."

Akageuka, akasogea mezani, akapiga kura yake. Foleni ikajipanga upya nyuma yake, na Joakimu ndani yake.

Siku zilizofuata, kura zikihesabiwa, kapteni aliwaomba wateguaji mabomu waanzie njia ya kilimani. Sikujua kama angekubaliwa. Walianza. Kila jioni Zainabu alikwenda kuangalia vigingi vyeupe vimefika wapi. Siku moja kabla ya safari yangu ya kurudi vilifika.

Tulipanda wanne. Pale juu palikuwa na majani tu na mawe machache yaliyopangwa. Joakimu alionyesha kwa kidole, akarudi kusimama mbali. Zainabu alipiga magoti, kisha akamwita.

"Njoo huku. Wewe ndiye unayejua kichwa kiko wapi."

Alikuja. Wakang'oa majani pamoja, bila kutazamana. Kapteni alivua kofia yake ya chuma. Zainabu alisoma dua, na tulipokuwa tukishuka aliniambia, "Mwalimu, sasa naweza kukaa eda."

Nyumbani nilifika mchana. Baba alikuwa uani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nani ameshinda?"

Nilimwambia, kisha nikamsimulia habari za Zainabu. Alisikiliza mpaka mwisho, akatazama migombani, mahali tulipomzika mama, hatua chache tu kutoka jikoni.

Mwaka uliofuata zamu ilikuwa yetu, uchaguzi wetu wa kwanza wa vyama vingi toka nipate akili. Nilipanga foleni Nkoaranga pamoja na majirani wenye kadi za vyama tofauti, wakibishana kwa sauti juu ya bei za wanunuzi wapya wa kahawa. Zamani kelele zile zingenikera. Siku ile nilizifurahia. Niliwatazama mmoja mmoja, nikaona kwamba kila mtu katika mstari ule alijua marehemu wake wamelala wapi, na hakuna aliyelazimika kumuuliza jirani yake.