Lebo za Mkutubi

Kabla ya kugusa kompyuta, mkutubi wa mjini Ho, Ghana, hufuta vidole kwenye upindo wa kitenge chake, hata vikiwa vikavu. Kila ukurasa wa mapishi anaoupata mtandaoni huuweka kwenye orodha ya pamoja, akaupa lebo ya mji na ya mpishi. Ukiandika lebo ya "chakula cha Ghana" tu, hucheka: "Dada, nchi nzima inapikia sufuria moja?"

Humo ndimo Dzifa, msomaji wa maktaba hiyo, alimopata mapishi ya yakayake ya mji wa Keta, muhogo wa mvuke aliokuwa akiulilia mama yake, mgonjwa aliyegoma kula wiki nzima. Aliporudi kushukuru, mkutubi alifuta vidole kwanza.

"Mama kala?"

"Kala, ila kalalamika chumvi haitoshi."

"Basi kapona huyo! Keti, tuandike hapa: chumvi iongezwe, kasema mama Dzifa."