Ndimu za Mti Mchanga

Ni mwaka ule tuliokula wali na samaki wa Al Wakrah, mji wa wavuvi kule Qatar, mpaka nikaota ugali. Nilikuwa kwa binti yangu, nesi huko Doha, mwenye mndimu wa miaka miwili kwenye ndoo pale roshani. Kanisa letu linashika sheria ya Wayahudi: mti usipomaliza miaka mitatu, tunda lake haliliwi.

Mbele ya wageni binti akanikatia ndimu. Nikasukuma sahani kwa maringo: "Tunda la mti mchanga halipiti mdomoni mwangu!"

Mkwe wangu akacheka. "Na achari ya jana, mama? Si ulilamba kijiko? Ndimu zake ni za mti huo huo!"

Wageni wakaangua kicheko. Aibu ilinichoma masikio. Vidole vyangu bado vilikuwa na manjano ya achari.

"Basi kula tu, mama, umeshaonja," binti akaninong'oneza.

Nikaficha vidole chini ya meza, nikasukuma sahani tena:

"Tunda la mti mchanga halipiti mdomoni mwangu!"