Kichana cha Popo Alichonipa Wifi

Kosa ni langu peke yangu, wala simsingizii shetani. Leo naandika huku nacheka, lakini siku ile, wallahi, nilitamani ardhi inimeze.

Ilikuwa 2003, naolewa hapa Birmingham. Mama yuko Unguja, dada sina. Mtu wangu alikuwa wifi, dada mkubwa wa mchumba wangu, aliyenipokea kwake Stechford akanizoesha mabasi na baridi. Nilikuwa nimelewa furaha, naimba hata nikiosha vyombo.

Wiki ya harusi wifi akanipa kichana cha kuchomeka kwenye nywele. Cha Kijapani, cha zamani, mbao iliyopakwa rangi nyeusi inayong'aa mpaka unajiona uso. Juu yake mchoro wa dhahabu. Nikausogeza karibu na macho. Popo.

"It's very old, wifi, kitunze," akasema, akawahi kazini.

Popo jamani! Sisi kwetu mtu akikupa kanga, unasoma jina lake, yale maneno yaliyoandikwa chini, kabla hujashukuru. Basi na kichana nikakisoma vivyo hivyo. Popo si ndege si mnyama, kwa hiyo wifi ananiita ndumilakuwili, ati nimemlaghai mdogo wake. Na mtu wa Unguja anajua popo ana mambo yake mengine, sitayataja hapa.

Badala ya kuuliza, nikakitia kwenye mfuko wa nguo kuukuu nikaupeleka duka la hisani, wanakouza vitu watu walivyotoa sadaka. Kisha nikakwangua kadi ya simu, nikampigia mama abadilishe kanga za sare ya harusi. Zikaja kwenye sanduku la shangazi, zimeandikwa: Hasidi hana sababu.

Siku ya shughuli wanawake ukumbi mzima wamejifunga sare hiyo. Mimi nacheza, nimevimba kwa ushindi. Wifi akaingia na sinia la visheti, akasoma kiuno kimoja, akasoma cha pili, akaweka sinia chini.

"Hasidi nani, mdogo wangu?"

"Aliyenipa popo."

Ngoma ikanyamaza. Nilitegemea matusi, yeye akaangua kicheko mpaka wanja ukamtiririka.

"Masikini wewe. Mwenye duka kule Moseley nilikokinunua kichana kanieleza michoro yote. Korongo ni umri mrefu. Nikamwambia, umri mrefu bila raha wa nini? Akasema kwa Wajapani popo ndiye heri na raha. Nikachukua popo. Sasa ulitaka nikuletee nini, kunguru?"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Nikamwangukia shingoni, nalia na kucheka kwa pamoja. Akaomba kanga moja, akajifunga juu ya gauni lake, akaingia kucheza na wenzake.

"Haya, kakilete nikuchomeke mwenyewe," akaniambia.

Hapo kicheko kikanikauka. Ilibidi niseme kweli. Tulipokwenda duka la hisani kilikuwa kimeshauzwa. Hakunigombeza, na bora angenigombeza.

Nyinyi mnaoolewa, mkipewa kitu msichokielewa, ulizeni. Kuuliza si ujinga, na popo wa watu si lazima awe popo wenu.

Mimi na wifi tunapendana mpaka leo. Ila kila akiniletea zawadi huinyanyua kwanza mbele ya watu wote, akaniambia, "Sahani hii, wifi. Ya kulia tu. Haina maneno."