Walisema Sijui Gia

"Kaka, imenishinda."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia kwa utingo wangu. Tulikuwa tunashuka Sekenke, tunarudi Tabora, lori limejaa mbolea ya wakulima wa tumbaku. Mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye usukani, kwa sababu kona zile hazikuachii mkono wa akiba. Yeye alikuwa amepiga magoti juu ya kiti chake, ameikumbatia gia ya tatu kwa mikono miwili, anaisukuma isitoke. Ikatoka. Nilisikia injini ikishusha sauti ghafla, ikanguruma taratibu kama lori limeegeshwa sokoni, na huku sisi tunazidi kwenda. Breki zilishachoka tangu juu. Nikajaribu kuirudisha gia, ikasaga meno, ikakataa. Kona ya kwanza tuliipata. Ya pili hatukuipata.

Mimi nilitolewa na mguu wa kushoto umevunjika sehemu tatu. Yeye alitolewa baada yangu, na mama mmoja, abiria wa basi lililosimama kutusaidia, akavua kanga yake akamfunika.

Siku ya nne nikiwa hospitali, karani wa tajiri wangu alikuja na karatasi. Mimi nimeishia darasa la nne, nasoma polepole, na siku ile dawa zilikuwa zimenilegeza. Akanishikisha kalamu. "Saini hapa, mzee, ushughulikiwe." Nikasaini. Nilipokuja kuisoma nakala, wiki mbili baadaye, niliona kumbe nimekiri kwa mkono wangu mwenyewe kwamba ajali ilitokea kwa sababu dereva hakuwa na ujuzi wa kubadili gia.

Karatasi hiyo ilifika kila mahali kabla yangu. Kwa askari, kwa matajiri wengine wenye malori, na Ulyankulu kwa mke wa utingo. Nilikwenda kumpa pole nikiwa na magongo mawili. Alikuwa anapepeta mahindi. Hakuinua uso. Alisema, "Mume wangu kauliwa na mtu asiyejua gia, halafu mtu huyo anakuja kunisalimia." Nikageuka nikarudi barabarani.

Nisidanganye hapa: nilimwamini. Niliiamini na karatasi. Miaka tisa nimelala nikiamka najua kwamba nimeua mtu kwa ujinga wa mkono wangu.

Hakuna aliyenipa lori tena. Nikapata kazi ya ulinzi Mtendeni, kwa bibi mmoja wa ukoo wa Waarabu wa zamani wa hapa Tabora mjini, mjane, wanawe wako Maskati. Kazi yangu kufungua geti na kumwagilia mikomamanga. Uani, chini ya turubai, kulikuwa na gari la marehemu mumewe: jekundu, la viti viwili, milango miwili, la chini kiasi kwamba nikisimama kando yake paa linanifika kiunoni. Gari la mbio. Nililifuta vumbi kila Ijumaa, wala sikuwahi kulifungua mlango.

Asubuhi moja alitoka na ufunguo mkononi.

"Shikamoo Bi Mkubwa."

"Marahaba. Wewe si ulikuwa dereva?"

"Nilikuwa."

"Na sasa?"

"Sasa nafungua geti."

"Basi lifungue, tutoke. Wanangu wanataka kuliuza gari la baba yao. Nimewaambia halitoki hapa kabla sijalipanda mpaka nichoke. Vijana wa mji huu nimewajaribu, wanajua otomatiki tu. Mmoja ameniuliza kanyagio la tatu ni la nini."

Nikamwambia ukweli. Nikamwambia kuhusu Sekenke, karatasi, mguu. Nikamwambia sijui gia, imeandikwa.

Akanitazama juu ya miwani. "Nani kakuuliza yaliyoandikwa? Leseni unayo?"

Nilikuwa nayo. Nilikuwa naihuisha kila inapokwisha, sijui kwa nini.

Fundi aliyeletwa alishabadilisha betri, mafuta na oili. Kuingia humo ndani ni kama kuketi kwenye mkeka. Miguu imenyooka mbele, barabara unaiona kwa usawa wa mbuzi. Bibi alikaa kushoto, akakunja buibui vizuri, akatoa tasbihi. Niliwasha. Wallahi, mimi nimeendesha malori miaka kumi na minne, lakini sauti ile ilinipita mgongoni mpaka kisogoni. Haikuwa kelele. Ilikuwa kama mtu mwenye nguvu sana anayeongea kwa upole.

Nikaweka ya kwanza, nikaachia klachi. Gari likaruka, likazima. Bibi kichwa kikaenda mbele kikarudi.

"Naam?" akasema.

"Nini, Bi Mkubwa?"

"Kichwa changu kimeitikia. Nikadhani umeniita."

Hivyo ndivyo alivyonifundisha. Yeye ndiye aliyekuwa mwalimu. Mumewe alimfunza zamani, alfajiri alfajiri, kabla majirani hawajaamka wakapata la kusema. Sheria yake ilikuwa moja. Yeye ananyuradi, mimi naendesha. Nikibadili gia na kichwa chake kikitikisika, anasema "Naam?" na anaanza hesabu ya tasbihi upya. Siku ya kwanza, kutoka Mtendeni mpaka nje ya mji, niliitikiwa nadhani mara thelathini. "Naam? Naam, baba? Leo una shida gani, mbona unaniita sana?" Nilitokwa jasho la aibu, na nikacheka pia, jambo ambalo nilikuwa nimelisahau.

Tulikwenda barabara ya Urambo kila asubuhi. Lami imenyooka, magari machache, miombo pande zote. Njia hiyohiyo waliipita babu zangu kwa miguu mpaka Ujiji, mizigo begani, na wenye mizigo walikuwa babu zake yeye. Nilimtania hivyo siku moja. Akasema, "Na leo mzigo ni mimi. Bado mnalalamika?"

Mguu wangu wa kushoto ni mzito, hauinuki haraka. Mimi nilikuwa nauharakisha, ndiyo maana gari lilikuwa linaruka. Akaniambia, "Usiukimbize mguu mgonjwa. Mkono ndio usubiri mguu. Na sikio lako lisubiri injini. Ukipanda gia, iache ishushe pumzi kidogo. Ukishuka gia, ipe mafuta kidogo ipandishe pumzi, halafu ndiyo uachie. Vikutane, visigongane."

Nilidhani ni maneno ya kibibi. Nikayajaribu. Wiki ya pili, karibu na mzani wa malori, nikatoka ya pili kwenda ya tatu: nikakanyaga, nikasubiri, nikasukuma kwa vidole viwili tu. Sijui niseme vipi. Gia haikuingia kwa nguvu yangu. Ilivutwa. Kama kuna mkono mwingine chini kule umeipokea, umesema lete. Nikaachia klachi na gari halikujua kuwa limebadilishwa. Nikaangalia pembeni. Bibi anahesabu tasbihi, midomo inacheza, kimya. Nikaenda ya nne. Kimya. Nikarudi ya tatu na kale kamafuta kadogo. Kimya. Niliogopa kupumua. Mtu wa miaka hamsini na moja, niliyebeba mizigo ya nchi hii nusu ya maisha, nilikuwa sijawahi kujua kwamba chuma kinaweza kuwa na adabu kiasi kile.

Lakini kuna kitu Bibi alikiona ambacho mimi sikukiona. Kuelekea daraja moja huko mbele barabara inateremka. Si mlima, ni mteremko tu, ila kwangu mteremko wowote ni Sekenke. Nilishuka na ya tatu, mguu nje ya mafuta, mkono wangu wa kushoto umekaza kirungu cha gia mpaka mishipa imesimama.

"Mbona umeikamata hivyo, kama kuku wa kuchinja?"

"Isitoke."

"Itoke iende wapi?"

"Ya tatu hutoka, Bi Mkubwa. Mteremkoni lazima uishike. Ndio mkono wa dereva huo. Dereva asiyeweza kuishika si dereva."

Akaacha kuhesabu. "Nani kakwambia?"

Nikamweleza. Kwenye uwanja wa malori wa tajiri wangu, Gongoni, madereva wote tulishika. Nilianza pale kama utingo, nikafundishwa palepale, sikuwahi kuendesha lori la mtu mwingine. Ya tatu inashikwa. Tulijisifia hata, nani ana mkono mgumu zaidi. Kona zikiwa kali, utingo anakusaidia. Nilipomlalamikia tajiri, mara tatu nilimlalamikia, alinijibu mbele ya wenzangu, "Wewe hujui gia. Gia inataka mwanamume." Wakacheka. Nikacheka nao.

Bibi aliifumbata tasbihi kiganjani. Halafu akasema, "Iachie."

"Bi Mkubwa..."

"Nimesema iachie. Weka mkono kwenye usukani."

Nikauachia mkono kidole kimoja kimoja. Gari linateremka, miti inapita. Nikasubiri ule mlio wa kushuka ghafla, ule ninaousikia usingizini. Haukuja. Injini iliimba palepale, ikalishika gari kwa nyuma kama mtu anavyomshika mtoto asikimbilie barabarani. Kirungu kilikuwa kinatetemeka peke yake, hakuna aliyekigusa, na kilikaa. Kilikaa mpaka darajani. Kilikaa tukapanda upande wa pili.

Nikasimamisha gari pembeni. Sikuweza kuona vizuri.

"Uwanja mzima mlikuwa mnashika?" akauliza.

"Wote."

"Basi haiwezekani mikono yote ya uwanja mzima iwe mibovu, baba."

Siku hiyohiyo mchana nilikwenda Gongoni kwa fundi wa zamani wa tajiri, sasa ana gereji yake ndogo nyuma ya maduka. Nilimkuta amelala chini ya gari, nikaongea na miguu yake. Nikamuuliza giaboksi la lori langu lilikuwaje. Miguu ikatulia. Akatoka, akapangusa mikono muda mrefu sana.

"Meno ya ya tatu yalikuwa yameisha," akasema. "Nilimwambia kabla hujalipewa lile lori. Akasema kama wanaliendesha, basi ni zima. Mimi ningefanyaje? Ila usinitaje, ndugu yangu. Nina watoto."

Utingo wangu naye alikuwa na watoto. Watatu.

Majina siandiki, lakini Gongoni inawajua. Ni tajiri mwenye uwanja wa malori wenye ukuta wa kijani, ni karani wake wa karatasi, na ni fundi wa nyuma ya maduka. Malori ya ukuta wa kijani bado yanashuka Sekenke. Mwezi uliopita nilimwuliza kijana anayeendesha mojawapo kuhusu ya tatu, akanionyesha kiganja chake kigumu kwa fahari.

Kwa hiyo ninadai. Sitaki pole wala kazi. Tajiri, panda moja ya magari yako, mchukue karani na fundi, mwende Ulyankulu kwa mjane wa utingo. Mimi nitakuwa nimeshafika. Mwambie kwa mdomo wako, mbele ya watoto wake, nani aliambiwa kwamba meno yameisha. Mwambie nani alimwacha mumewe apige magoti kwenye kiti ashike kwa mikono kitu ambacho chuma kilipaswa kukishika. Usinitumie karatasi nyingine. Nataka akuulize yeye, na nataka nikusikie ukimjibu.