Stika za Kushoto na Kulia

Nilikuwa nasomea Jua kwa shahada ya uzamili, na chombo changu kilikuwa dishi kuukuu la televisheni juu ya paa la gorofa katikati ya Nairobi. Jua likilipuka hutoa mawimbi mafupi ya redio, na mawimbi hayo huweza kuja yakizunguka, mengine kulia, mengine kushoto. Kazi yangu ilikuwa kupima upande upi una nguvu zaidi. Waya mbili zilitoka kwenye dishi, moja ya kila upande, kila moja na stika iliyoandikwa upande wake.

Aliyezifunga ni fundi wangu, dada mmoja wa Dagoretti aliyekuwa amewawekea watu madishi hadi mtaa wa Karen. Asubuhi moja, mbele ya bawabu, nilimwambia kwa majivuno kwamba fundi wa televisheni hawezi kutofautisha kushoto na kulia. Aliuliza tu kama nataka chai.

Wiki iliyofuata Jua lililipuka kabla ya adhuhuri. Kwenye kompyuta mstari wa kushoto ulipanda, wa kulia ukalala. Niliandika "kushoto" kwa herufi kubwa, kisha mimi na fundi tukapeleka matokeo mtaa wa Spring Valley, nyumbani kwa mwalimu wangu mstaafu.

Alisoma, akavua miwani. "Ulikumbuka kwamba wimbi likigonga dishi hugeuza mzunguko, kama mkono kwenye kioo?"

Sikuwa nimekumbuka. Basi jibu lilipaswa kuwa kulia. Lakini mwalimu alikuwa na vipimo vya kituo cha ng'ambo vya mlipuko uleule, navyo vilisema kushoto, sawasawa na mimi. Akakuna kichwa, akauliza nimekosea vipi hata nikapata.

Fundi akaweka kikombe chake cha chai chini. "Mwalimu, mimi nilibadilisha stika. Siku ile aliniambia sijui kushoto kwangu. Nilitaka akosee kidogo tu, nimwone."

Kosa lake lilikuwa limefuta langu. Mwalimu alicheka hadi mkewe akaja kuchungulia. Kisha akatuamuru turudie, safari hii kwa kulielekezea dishi antena ndogo inayorusha mawimbi yenye mzunguko unaojulikana.

Tulirudia siku tatu juani. Fundi alishika antena. Mimi nilitumwa kubandika stika, naye akazikagua mojamoja bila haraka. Ripoti ilipoandikwa, aya ya jinsi waya zilivyotambuliwa aliiandika mwenyewe. Nilifuta koma moja, akairudisha.