Milango ya Mkaratusi Mbichi

Harufu ya mkaratusi uliopasuliwa jana ni kali, hupanda puani kama dawa ya kuchua, na mwaka ule nyumba yetu ya Ihanda ilinuka hivyo wiki nzima. Nilikuwa na miaka tisa. Mama, muuguzi wa hospitali ya Nyakahanga, alikuwa amepewa tangi la kioo la kufugia samaki na daktari mgeni aliyekuwa akirudi kwao, nami nikatia humo perege wanne wadogo kutoka bwawa la bondeni. Majirani walicheka mpaka wakachoka. Samaki wa kutazamwa tu, wasioliwa! Sikujali. Niliwapenda perege wale kwa wivu, na maji yao niliyabadilisha mwenyewe kabla ya kwenda shule.

Kisha ikaja habari kwamba Bibi, mama yake Baba, angekaa nasi miezi mitatu ili atibiwe kidonda cha mguu kilichokataa kupona. Bibi alitoka mbugani Kyerwa, kwa watu wa ng'ombe. Katika ukoo wao samaki alikuwa mwiko, na maziwa hayakunywewa kwenye nyumba yenye samaki, maana waliamini ng'ombe wangekauka. Baba alikuwa ameoa kwa wakulima wa ndizi na kahawa, akajifunza kula kila kitu, lakini mbele ya mama yake alirudi kuwa mtoto. Alijua Bibi akiwaona perege angeondoka siku hiyohiyo, na kidonda chake. Mama akasema samaki warudi bwawani. Nililia chakula kikapoa, na Baba, ambaye hakuwa na moyo wa kumwona mtoto akilala na njaa, akasema atawajengea nyumba.

Bibi angefika Jumamosi, na mbao kavu zilikuwa mbali, Nkwenda. Baba akanunua mkaratusi ulioangushwa wiki ileile. Hakuwa fundi, alichojua kujenga ni zizi la ndama, basi akajenga zizi. Miguu sita minene, fito za kukingamana pande zote, kwa sababu tangi likijaa maji hulishinda gunia la kahawa kwa uzito. Juu ya tangi akaweka paa la mbao lenye kifuniko cha kulishia, na mbele milango miwili, ili likifungwa lionekane kabati. Jirani aliyepita alizigonga mbao kwa kidole. "Kamugisha, hizi bado zinakunywa maji." Baba akajibu, "Zitakaukia kazini." Mama akatandika kitambaa chake cha kufuma juu ya paa, akapanga vikombe, na kwa kweli ungeapa ni kabati.

Bibi alipenda kukaa hapohapo kando yake, karibu na dirisha, akinywa maziwa. Kila perege alipopiga maji kwa mkia, mimi nilikohoa. Nilikohoa sana, hata Bibi akamwagiza Mama anipeleke nami hospitali.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi tuliumbuliwa na mbao. Mkaratusi ulianza kupinda taratibu, na Jumapili moja baada ya ibada skrubu ikachomoka, mlango ukalia, ukafunguka wenyewe. Bibi alikuwa na kikombe mdomoni. Perege wanne wakamtazama.

Aliweka kikombe chini. Hakuwaangalia samaki tena, alimwangalia Baba. "Nyumba hii umeijenga lini?"

"Kabla hujafika, Mama."

"Kwa ajili yangu?"

Baba akapiga magoti. "Nisamehe, Mama. Niliogopa utaondoka na mguu huo."

"Nimezaa mtoto," Bibi akasema, "au nimezaa mtu wa kunifungia milango?" Akajifuta macho kwa pindo la khanga. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, na nilijiona mwenye hatia kuliko wote.

Akachechemea nje, akamwaga maziwa migombani. Niliamini anakwenda kufunga mizigo. Kumbe alirudi kuchukua kigoda. Tangu siku ile maziwa yake aliyanywa barazani, mvua inyeshe isinyeshe, na milango akaamuru ing'olewe, ili ajue anakaa na nani. Samaki hakuwapenda kamwe, aliwapita akisonya. Lakini hakuondoka hadi kidonda kilipofunga.

Siku hizi ninaishi Kayanga. Mbao kavu zimejaa madukani, zimepigwa randa, na kabati langu halijapinda hata kidogo. Mwezi uliopita Baba, ambaye sasa ndiye mzee wa kupelekwa kliniki, alipiga simu kwamba anakuja kukaa kwangu wiki mbili. Nilipokata simu nilifungua sanduku, nikatoa koti la mume wangu, ambaye hajalala katika nyumba hii tangu mwaka jana, nikalitundika ukutani sebuleni, mahali ambapo Baba angeliona. Nikafagia, nikapika, nikalipita koti lile mara tatu. Mara ya nne nikalitungua.

Baba alipofika nilimwamkia, nikampokea mfuko wake, na kabla hajakaa nikamwambia, "Baba, ninaishi peke yangu na watoto."